Vichupa vya "ujana" kutoka Dubai: nivute hadi mstari upi?

SWALI

Assalamu alaikum, Mfamasia.

Mimi ni mama wa miaka 59, mkazi wa Langoni, Amu (mji wa Lamu). Mwanangu wa pili yuko Dubai kikazi. Mwezi uliopita alinitumia kiboksi chenye vichupa vitano vya unga mweupe, kila kimoja kimeandikwa Epitalon 10 mg, chupa moja ya maji ya mililita 30 na pakiti ya sirinji ndogo zile za insulini. Mzigo ulishukia Mombasa, ukaja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Njiani ulikaa siku tatu bila barafu.

Mwanangu ananiambia hii ni peptidi, kipande kidogo cha protini, inayorefusha ncha za kromosomu, kwamba Warusi wameifanyia kazi miaka mingi, na kwamba itanirudishia usingizi kwa sababu inaamsha ile tezi ya kichwani inayotoa melatonini. Maagizo yake ya WhatsApp ni haya: tia maji mililita 2 kwenye kichupa, dunga chini ya ngozi ya tumbo miligramu 5 hadi 10 kila jioni kwa siku 10, rudia baada ya miezi sita.

Usingizi umenitoka, huu mwaka wa pili. Naamka mara tatu au nne, kila nikiamka nakwenda msalani, nikirudi kitandani macho makavu. Nina presha, nanywa losartani iliyochanganywa na haidroklorothiazidi, 50/12.5, kidonge kimoja baada ya Isha kwa sababu ndipo nakumbuka. Juzi duka la dawa walinipima wakapata 158/94. Usiku nashona kofia chini ya taa hadi saa nne, chai ya rangi iko kando.

Jumatatu nilijaribu. Sirinji ina mistari hadi 100, sikujua miligramu 5 ni wapi, nikavuta hadi 10. Pakawasha, pakawa pekundu kidogo. Sasa naomba unijulishe mstari ulio sahihi. Pia kuna kichupa kimoja ambacho unga wake umekuwa kama sukari iliyopata unyevu, umegandia kando. Kinafaa? Jirani yangu naye ataka tugawane. Na je, kuna ubaya wowote ikiwa dada yangu wa tumbo moja alitibiwa saratani ya titi mwaka jana, na mimi nina kijidonge kidogo titi la kushoto, ambacho hakiniumi?

Mama Kofia, Langoni

JIBU

Wa alaikum salaam, Mama Kofia.

Uliloliweka mwisho ndilo la kwanza. Kijidonge kisichouma si cha kukutuliza moyo, kwa maana saratani nyingi za titi huanza bila maumivu yoyote. Madonge mengi si saratani, hilo ni kweli, lakini hakuna mkono wa mtu, wa daktari wala wa nani, unaoweza kulijua hilo kwa kubonyeza tu. Nenda hospitali wiki hii. Waambie mambo matatu bila kungoja kuulizwa: umelihisi tangu lini, limekua au la, na dada yako alikuwa na umri gani alipogunduliwa. Watakushika, kisha yafaa upigwe picha ya titi, ama ya mawimbi ya sauti ama ya eksirei, na ikionekana haja watachukua kipande kwa sindano kikapimwe. Ukipewa rufaa ya kwenda Malindi au Mombasa, ichukue na uende, usiiweke mtotoni mwa kabati.

Hivyo vichupa navyo visiguswe mpaka donge lijulikane ni nini. Na hata likijulikana ni salama, nitakuonyesha kwa nini bado singevidunga.

Telomea ndizo hizo ncha za kromosomu, nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Wewe ni mshonaji, utanielewa haraka: ni kama upindo unaozuia ukingo wa kitambaa usifumuke. Kila seli inapogawanyika, upindo huo hupungua kidogo, na ukiisha seli huacha kugawanyika. Kimeng'enya kinachoushona upya kinaitwa telomerezi. Ugunduzi wa mambo haya ndio uliowapa Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Sasa, seli nyingi za mtu mzima zimekizima kimeng'enya hiki, na wanaokiwasha kwa bidii ni saratani: katika takriban saratani 85 hadi 90 kwa kila 100 kinafanya kazi, ndiyo maana seli zake hazichoki kuzaana. Kwa hiyo mtu akikuahidi sindano ya kuamsha telomerezi mwili mzima, swali la kwanza ni itaamsha seli zipi.

Mwanao hakukudanganya kuhusu Warusi. Vladimir Khavinson na wenzake wa St. Petersburg walianza na epithalamini, dondoo la tezi ya pineali ya ng'ombe (ndiyo ile tezi ya kichwani inayotoa melatonini), kisha wakatengeneza Epitaloni maabara. Ni peptidi fupi mno, asidi amino nne tu: alanini, asidi glutamiki, asidi aspartiki na glisini. Insulini, kwa kulinganisha, ina 51. Mwaka 2003 waliripoti kwamba ilipotiwa kwenye seli za kijusi cha binadamu, ndani ya chombo cha maabara, telomerezi iliamka na telomea zikarefuka. Mwaka 2001 walikuwa wameripoti kwamba nyani wazee waliodungwa melatonini yao ya usiku ilipanda, na hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya usingizi.

Mwaka huohuo wa 2003 ilitoka taarifa ya panya majike, nayo nataka uitazame kwa karibu kwa sababu wauzaji huinukuu nusu. Kila panya alidungwa mikrogramu 1 kwa siku tano mfululizo kila mwezi, kuanzia umri wa miezi mitatu. Wastani wa umri wao haukubadilika. Walioongezewa maisha, kwa kama asilimia 13, ni wale wachache wa mwisho, asilimia 10 waliokuwa tayari wameishi muda mrefu kuliko wenzao. Saratani ya damu ilipungua. Na katika panya wengine waliotengenezwa ili waote uvimbe wa matiti, Epitaloni iliupunguza uvimbe huo. Upande wa pili, mwaka 2025 watafiti wa London waliripoti kwamba katika maabara telomea za seli za saratani ya titi nazo zilirefuka zilipowekewa Epitaloni. Panya wanasema hivi, seli zinasema vile. Mtu mwenye donge lisilopimwa si mahali pa kuamulia ugomvi huo.

Kwa binadamu kuna majaribio madogo ya Urusi na Ukraine, mengi yakitumia lile dondoo la ng'ombe na si hii ya maabara, na karibu yote yametoka kwa watafiti walewale na washirika wao. Mimi siyadharau, lakini dawa ya presha unayoinywa kila usiku ilipita kwa maelfu ya wagonjwa kabla ya kufika mikononi mwako. Marekani, mwaka 2023 mamlaka ya dawa iliiingiza Epitaloni katika orodha ya vitu ambavyo wafamasia wasivitumie kuchanganyia dawa kwa sababu ya wasiwasi wa usalama, hasa uchafu wa peptidi na mwili kuzalisha kinga dhidi yake.

Tuje kwenye mistari. Nakufanyia hesabu ili ujue ulichojidunga, si ili uendelee. Sirinji yenye mistari 100 kwa mililita moja, mstari mmoja ni sehemu ya mia ya mililita. Kichupa cha miligramu 10 ukikitia mililita 2, kila mililita ina miligramu 5, kwa hiyo mstari mmoja ni miligramu 0.05. Mistari yako 10 ya Jumatatu ilikuwa nusu miligramu, ikiwa maandishi ya kichupa yanasema kweli. Miligramu 5 ni sirinji nzima. Miligramu 10 ni kichupa kizima, sirinji mbili zilizojaa. Hapa ndipo watu wengi hukosea: huona "5" kwenye maagizo wakavuta hadi mstari wa 5, wakapata robo miligramu, au hutia maji mililita 1 badala ya 2 na kila mstari ukawa mara mbili bila wao kujua. Na angalia vichupa vyako vyenyewe: kwa miligramu 5 vitano vinatosha siku 10, kwa miligramu 10 vinaisha siku ya tano. Aliyeandika "5 hadi 10" hakupiga hata hesabu ya mzigo aliouuza.

Hicho kipimo kimetoka wapi? Hakikutoka kwa panya. Mikrogramu 1 kwa panya wa gramu 30 ni kama mikrogramu 33 kwa kila kilo. Ukizidisha moja kwa moja kwa mtu wa kilo 60 unapata miligramu 2. Lakini watafiti hawazidishi hivyo, kwa kuwa mwili mdogo huchoma dawa haraka. Kutoka panya kwenda kwa mtu hugawanya kwa kama 12, ikabaki miligramu 0.16. Miligramu 10 ni mara sitini ya hiyo.

Kuhusu unga ulioganda: kichupa hicho kimeingiwa na unyevu, ama kifuniko cha mpira hakikukaza, ama joto la njiani limeuyeyusha unga. Peptidi iliyokaushwa kwa ubaridi inatakiwa iwe kama kitumba cha pamba au utando mwembamba mkavu chini ya kichupa. Epitaloni ina udhaifu wake hasa: pale asidi aspartiki inapofuatwa na glisini ndipo mnyororo hupenda kujikunja na kugeuka umbo ikipata maji na joto. Kitu kikishageuka hivyo uzito wake kwenye lebo haubadiliki na macho hayaoni tofauti. Siku tatu za njiani bila barafu, kwa basi na boti, si siku tatu za friji, na hata hivyo vinne vinavyoonekana vizuri vimepita njia ileile.

Mwanao pengine atakutumia cheti chenye "usafi asilimia 99". Kipimo hicho hueleza kwamba katika peptidi zilizomo, asilimia 99 ni ile iliyokusudiwa. Hakisemi kichupa kina miligramu ngapi kweli, kwa sababu maji na chumvi navyo vina uzito. Hakisemi kama kiliuliwa vijidudu. Wala hakisemi kitu kuhusu endotoksini, mabaki ya kuta za bakteria waliokwisha kufa, ambayo ndiyo huleta homa na kutetemeka saa chache baada ya sindano. Yale maji ya mililita 30, kama ni yale yenye alkoholi ya benzili asilimia 0.9, huzuia bakteria wasizaliane baada ya kufungua, kwa siku 28 hivi. Hayasafishi uchafu uliokuja na unga. Tafuta kwenye lebo maneno ya kwamba ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Hayo si mapambo. Ni muuzaji anajitoa, ili ukiugua awe amekwisha kusema. Dawa inayouzwa Kenya hupaswa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na bidhaa yenye lebo hiyo haijapita huko.

Mahali ulipodunga: zungushia wekundu kwa kalamu ya wino. Ukitoka nje ya duara, au pakawa pa moto, pakavimba, pakatoa usaha, au ukapata homa, ni hospitali siku hiyohiyo, na kichupa uende nacho. Ukipauka tu ukaisha, umesalimika.

Na jirani, hapana. Sindano ikishaingia kwa mtu na ikarudi kwenye kichupa, kichupa chote kimeingia damu ya mtu huyo. Homa ya ini aina ya B hailazimiki kuonekana kwa macho ili ipite. Ubaya wa haya mambo ya "tugawane" ni kwamba hufanywa na watu wanaopendana.

Sasa usingizi wako, ambao kwa maoni yangu haukuhitaji Dubai. Kidonge chako kina vitu viwili. Haidroklorothiazidi ni dawa ya kukojoza: huanza kazi baada ya saa mbili, hupamba moto kati ya saa ya nne na ya sita, na huendelea hadi saa 12. Ukiinywa baada ya Isha, tuseme saa mbili usiku, kilele chake kinaangukia kati ya saa sita na saa nane za usiku. Ndizo saa unazokwenda msalani, sivyo? Hukosi usingizi, unaamshwa. Hamishia kidonge asubuhi, saa moja, pamoja na chai. Namna ya kuhama: usiku mmoja usinywe, asubuhi inayofuata ukinywe, na uendelee asubuhi hiyo kila siku. Usinywe viwili kufidia. Kama tatizo ni kukumbuka, weka kidonge ndani ya kikasha cha nyuzi unachokifungua kila asubuhi.

Safari za msalani zikiendelea wiki mbili baada ya hapo, pima sukari ukiwa hujala kwa saa nane, ikifika 7.0 mmol/L na kuendelea mara mbili, ni kisukari na kina matibabu yake. Hospitalini waombe pia wakuangalie potasiamu na figo, kwa kuwa kidonge hiki kinagusa vyote viwili. Chai ya rangi ihame ikae kabla ya alasiri. Ile taa ya kutobolea vitobo vya kofia, ikiwa karibu na uso hadi saa nne, huuambia ubongo bado ni mchana na hiyo melatonini unayotaka kuidunga inachelewa kutoka. Saa mbili za mwisho kabla ya kulala fanya kazi isiyohitaji taa kali, kama kupanga nyuzi au kukunja vitambaa.

Hiyo 158/94 ni kipimo kimoja cha dukani, pengine umetoka kupanda ngazi ukiwa na chai tumboni. Pima nyumbani siku saba: umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini haikukunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nusu saa bila chai. Mara mbili asubuhi kabla ya kidonge, mara mbili jioni, dakika moja katikati. Andika zote. Tupa za siku ya kwanza, za siku sita zilizobaki mpelekee daktari. Wastani ukiwa 135/85 au zaidi, kidonge chako hakitoshi, naye ataongeza. Presha ya namna hiyo ikiachwa ndiyo inayozeesha moyo, figo na ubongo.

Vichupa vyote, na hizo sirinji, usivitupe jaani, maana punda wanalishwa huko na watoto hupita. Sindano zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki, ile ya dawa ya kufulia, funga kifuniko, peleka hospitali pamoja na vichupa wakavichome.

Mwanao akitaka kutuma kitu chenye faida, atume mashine ya presha ya kuvaa mkono wa juu, si ya kifundo. Kabla hajainunua jipime mzingo wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, kwa utepe wako wa kushonea. Ukanda wa kawaida ni wa sentimita 22 hadi 32. Ukizidi 32 mwambie achukue ukanda mkubwa, kwa sababu ukanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza namba na utajikuta unanyweshwa dawa kwa presha usiyokuwa nayo.